Nywele za Shemeji Zimepata Uhamisho

Jiji hili la Dar es Salaam lina staha kwa kila upungufu wa mwili wa binadamu, isipokuwa kipara. Mtu akichechemea, watu huangalia pembeni. Akiwa na kigugumizi, wanamvumilia mpaka amalize. Lakini kipara ni mali ya umma. Kila apitaye ana haki ya kukitolea maoni, kukipapasa na kukiagizia dawa. Konda wa daladala, ambaye naapa amenizidi umri, ananiambia, "Shikamoo mzee, sogea nyuma hapo." Mama mkwe kila tukionana anauliza kama nimeshajaribu maji ya kitunguu. Fundi bomba aliyekuja kurekebisha koki ya jikoni alinieleza, bila kuulizwa, kwamba mafuta ya nyonyo ukiyachanganya na habbat soda yanaotesha nywele hata kwenye sakafu. Koki bado inavuja.

Najua hata nabii Elisha yalimkuta. Vijana walitoka mjini wakamdhihaki kwa upara wake, naye akawalaani, wakatoka dubu wawili msituni wakawararua vijana 42. Kwetu Mbagala dubu hakuna, ndiyo maana vijana wa kijiweni wana ujasiri kiasi kile.

Nilikuwa nimeshazoea. Kilichonivurugia amani ni shemeji.

Huyu ni mdogo wake mke wangu, ana duka la nguo Kariakoo, na kama wenzake wengi wa pale huenda Istanbul kufuata mzigo. Mitaa ya Laleli anaijua kuliko ya kwetu. Naye upara ulikuwa umeshampigia hodi, ukimla pembe za paji la uso, na kwa miaka mingi alikuwa akiuficha kwa piko. Kwa asiyejua: kinyozi anachukua piko, anachora mstari mpya wa nywele pale ambapo Mungu aliufuta, anajaza rangi, na mteja anatoka saluni akiwa na kichwa cha kijana wa kidato cha nne. Tatizo ni jua la Januari. Kwenye arusi moja kule Tabata, kabla hata keki haijakatwa, mstari wa shemeji ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye kola ya shati jeupe. MC alimwita mbele kutoa zawadi. Nilimpa leso yangu, na leso yenyewe sijarudishiwa.

Basi safari yake ya mwisho alikwenda kufuata jinzi, akarudi na nywele.

Mke wangu akanitazama mimi. Akamtazama mdogo wake. Akanitazama tena. "Baba Neema," akasema, "na wewe si uende?"

Hapo nikajua amani imekwisha, nikaanza kusoma. Nilisoma nipate hoja za kumjibia, wala sikusoma kwa kutamani. Na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hawa watu hawaoteshi nywele. Hakuna hospitali duniani, Istanbul wala kwingineko, inayokuongezea hata unywele mmoja. Wanachofanya ni uhamisho. Wanazitoa nywele kisogoni, zilikokuwa zimetulia na familia zao, wanazipeleka kituo kipya mbele. Idadi ya watumishi inabaki ileile.

Kwa nini kisogoni? Mwili wa mwanaume una homoni ya testosteroni, na ndani ya ngozi kuna kimeng'enya kinachoigeuza kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo madaktari huiita DHT. Hiyo ikifika kwenye mashina ya nywele za mbele na za utosini kwa mtu aliyerithi balaa hili, mashina yanasinyaa. Kila unywele ukidondoka, unaoufuata unaota mwembamba zaidi na mfupi zaidi, mpaka kinabaki kinyweleo cha kukitafuta kwa tochi. Nywele za kisogo na za juu ya masikio hazishituki na homoni hiyo. Ndiyo maana mzee yeyote mwenye kipara anabaki na ule ukanda wa kuzunguka nyuma.

Mmarekani mmoja, James Hamilton, alionyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawaoti upara, na kwamba wakipewa testosteroni, wale wenye vipara kwenye ukoo wao wanaanza kupukutika. Kwa hiyo kinga ya uhakika ipo, tena ya zamani. Nilipomtajia mke wangu alisema turudi kwenye mada ya Istanbul. Hamilton huyohuyo alipanga vipara kwa madaraja mwaka 1951, na mwaka 1975 O'Tar Norwood akayarekebisha. Mpaka leo madaktari wanayatumia, la kwanza hadi la saba. Shemeji alikuwa daraja la tatu. Mimi nimeshapandishwa hadi la tano, bila nyongeza yoyote.

Aliyefungua njia ya uhamisho huu ni daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich. Mwaka 1952 alichukua vipande vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni, akavipandikiza mbele kwenye upara. Vikashika, nywele zikaota, zikaendelea kuota. Alipochapisha kazi yake mwaka 1959, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba nywele zilizohamishwa zinabaki na tabia ya zilikotoka, hazichukui ya zilikopelekwa. Hili hata wizara yoyote ingemwambia bure. Mhamishe mtumishi Mchaga umpeleke Mtwara, umkalishe huko miaka ishirini. Desemba ikifika utamkuta kwenye basi la Moshi.

Wajapani walikuwa wamemtangulia. Shoji Okuda aliandika mwaka 1939 jinsi alivyopandikiza nywele kwa watu wenye makovu ya kuungua na waliopoteza nyusi. Vita ikaingia, na madaktari wa Magharibi wakakaa miaka mingi bila kujua kazi yake. Matokeo yake wazungu walianza kwa vipande vikubwa, vya milimita 4 hivi, kila kimoja na nywele zake kumi na kitu. Kwa miaka kama thelathini wanaume wenye fedha walitembea na vichwa vya midoli: kishungi, uwazi, kishungi, uwazi. Walilipa ili watu wasiangalie kipara chao, na watu kweli waliacha kuangalia kipara.

Mambo yalibadilika pale walipokubali kuangalia nywele zenyewe zinavyoishi. Nywele haziishi mojamoja wala haziishi kumikumi. Zinatoka kwenye ngozi kwa vikundi vidogo: moja, mbili, tatu, mara chache nne, kila kikundi na tezi yake ya mafuta na kimsuli chake. Mwaka 1988 daktari Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, alianza kuzichambua chini ya hadubini ili kila kikundi kitoke kizima bila kujeruhiwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 hiyo ndiyo ikawa kazi yenyewe: unahamisha kikundi kama kilivyo.

Namna za kuvitoa ziko mbili. Ya kwanza, daktari anakata utepe wa ngozi kisogoni, upana wa sentimita moja au zaidi kidogo, anashona jeraha, na wasaidizi wanauchambua ule utepe mezani. Nywele zinapatikana nyingi na zenye afya, ila linabaki kovu la mstari nyuma ya kichwa. Kwa mzungu anayefuga nywele si neno. Kwa mtu anayenyoa mashine namba sifuri kila Jumamosi, kovu hilo litasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Ya pili, iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kuvitoboa kimoja kimoja kwa kipekecho chenye mdomo wa duara, upana wake karibu milimita moja au pungufu. Hakuna kushona, yanabaki madoa madogo. Hiyo ndiyo aliyofanyiwa shemeji.

Nilimwomba anisimulie na nikajuta, maana alisimulia wakati wa kula, na mboga ilikuwa maini.

Asubuhi walimnyoa. Akaja daktari, akamchorea mstari wa mbele kwa kalamu, akapiga naye picha, akaondoka. Shemeji anasema hakumwona tena mpaka leo. Waliobaki ni vijana wanne waliovaa kofia za plastiki. Hilo nalo ni tatizo linalojulikana: madaktari wa fani hii wamekuwa wakilalamika kwamba kwenye kliniki nyingi za bei poa anayepekecha si daktari, ni fundi aliyefundishwa kazini. Walimlaza kifudifudi wakamchoma sindano za ganzi kuzunguka kichwa chote. "Shem," aliniambia, "hapo pekee ndipo palipouma. Lakini paliuma." Dawa ni lidokaini iliyochanganywa na adrenalini: moja inaua maumivu, nyingine inabana mishipa damu isimwagike ovyo.

Baada ya hapo alisikia mlio tu. Krr, krr, krr, saa baada ya saa. Mmoja anapekecha, mwingine anakuja nyuma yake na kibano anachomoa kile kikundi na mzizi wake, anakipanga kwenye kisahani chenye maji ya chumvi yaliyopozwa. Kikikauka kimekufa, kwa hiyo huko kwenye visahani hakuna mchezo, ingawa juu ya kichwa cha shemeji kulikuwa na maongezi ya Kituruki mfululizo. Alihisi wanabishana kuhusu mpira. Saa ya chakula ikafika, wakamkalisha, wakampa wali na kuku, akala akiwa na matobo zaidi ya elfu mbili kisogoni.

Mchana wakamgeuza chali. Sasa wanatoboa vitundu mbele, na hapa ndipo ufundi ulipo, kwa sababu nywele za mbele hazisimami wima. Zinalala kuelekea mbele, za pembeni zinainama chini, za utosini zinazunguka. Ukikosea pembe, mteja anaishi na nywele zinazotazama juu maisha yake yote. Mstari wa mbele kabisa unawekwa vile vikundi vya unywele mmoja mmoja, tena kwa kuyumbayumba kidogo, maana mstari ulionyooka sana ni wa piko. Vya mbili na tatu vinakaa nyuma kuleta ujazo. Saa nane kwa jumla. Shemeji anayelalamika foleni ya benki ikizidi nusu saa alilala pale saa nane.

Alirudi nchini siku ya nne, na siku ya nne, nilikuja kusoma baadaye, ndiyo siku mbaya. Maji yote waliyomchoma kichwani yalikuwa yameanza kuteremka. Paji la uso lilikuwa limevimba, macho yamebaki mistari, pua imepanuka. Neema wangu alifungua mlango, akamwamkia, akaja kuniambia kuna mgeni wa kiume hamjui. Alivaa kofia pana ya kitambaa, na mtaani akatangaza ana malaria. Usiku alilala ameketi, mito mitatu ya sebuleni mgongoni mwake, kwa sababu kichwa hakitakiwi kugusa chochote mbele. Muda wote alikuwa na kichupa cha maji ya chumvi akijipulizia. Watu wakubwa zaidi yake wamejificha hivyohivyo: mwaka 2004 Silvio Berlusconi, waziri mkuu wa Italia, alimpokea Tony Blair kule Sardinia akiwa amejifunga kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa kulikuwa na miche. Wayne Rooney alikuwa muungwana zaidi. Mwaka 2011, akiwa na miaka 25, alitangaza mwenyewe kuwa amepandikiza.

Magamba yalipukutika baada ya wiki moja na siku chache, na chini yake kweli kulikuwa na nywele fupi, zimesimama. Shemeji akavua kofia. Akaanza kupita kwetu bila shughuli, akikaa chini ya taa ya sebuleni.

Kisha zikadondoka.

Alikuja saa mbili usiku, ameshika taulo, ndani ya taulo kuna nywele. "Shem, nimeibiwa!" Sitaficha, nilifurahi, kwa sababu sura hiyo nilikuwa nimeshaisoma. Nikamkalisha, nikaagiza chai, nikamweleza taratibu sana. Unywele uliohamishwa unapata mshituko. Wiki ya pili mpaka ya sita hivi unadondoka, shina linabaki chini ya ngozi limepumzika. Linaanza kuotesha upya mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo yenyewe unayaona baada ya mwaka. Yaani mtu analipa, anavimba, anaota, anarudi kuwa na kipara kikubwa kuliko alivyokwenda, halafu anaambiwa asubiri. Mtumishi aliyehamishwa na kusubiri posho ya uhamisho angemwelewa. Na kweli zilirudi, kidogo kidogo, mwanzoni laini kama za mtoto, sasa zimekaza.

Hapo mke wangu akaongeza bidii, nami nikatoa hoja zangu.

Ya kwanza ni nywele zetu wenyewe. Matangazo yote yanaonyesha vichwa vya nywele zilizonyooka, na kazi hiyo ni rahisi: unapekecha moja kwa moja, unywele unatoka. Nywele zetu hazikuanza kujikunja juu ya ngozi. Zinajikunja humohumo ndani, shina limepinda, na fundi asiyezoea akipekecha kwa mstari ulionyooka analikata katikati. Amelitoa kisogoni na mbele halioti; huo si uhamisho, ni kufukuzwa kazi. Anayejua hutumia mdomo mpana kidogo, huufuata ule mpindo, tena hujaribu vichache kwanza kabla ya kujitosa. Nitakuwa muungwana niseme na upande wa pili: kwa kuwa zimejikunja, kila unywele unafunika eneo kubwa, hivyo vikundi vichache vinaziba pakubwa. Shemeji alinufaika na hilo.

Ya pili ni ngozi. Ngozi nyeusi ina mwelekeo zaidi wa kuota makovu yanayovimba na kukua, na mwenye historia hiyo daktari mwaminifu atamrudisha nyumbani. Tena nani asiyevijua vile vipele vya kisogoni, vya mashine ya saluni iliyopita kwenye vichwa kumi ikafutwa spiriti kimoyomoyo? Vyangu vipo, vigumu, vimejipanga pale chini karibu na shingo. Nilimshika mke wangu mkono aviguse. Hiyo ndiyo bohari wanayotaka kuchukulia mali.

Ya tatu, bohari yenyewe haijazwi. Kinachotoka kisogoni hakioti tena kisogoni. Bahati ni kwamba jicho la binadamu halina umakini. Unaweza kupunguza sehemu kubwa, hata karibu nusu ya nywele za mahali, kabla watu hawajaona pamekonda. Ukizidisha hapo unapata upara wa pande zote mbili. Na wakati huohuo zile nywele za asili zilizokuwa katikati, ambazo hazijahamishwa, zinaendelea kudondoka kwa ratiba yake. Miaka kumi ijayo mtu anaweza kubaki na kisiwa cha nywele mbele, nyuma yake uwanja. Ndiyo maana wanampa finasteridi ya kumeza kila siku, dawa iliyoanza kama tiba ya tezi dume kabla ya kuruhusiwa kwa nywele Marekani mwaka 1997, au minoksidili ya kupaka, ambayo ilianza kama kidonge cha presha mpaka wagonjwa walipoanza kuota nywele wasizoziomba. Shemeji anameza. Mkewe anajua ni vitamini, na hela ya kliniki anajua ilikuwa jinzi.

Nilidhani nimeshinda. Mke wangu alinyamaza siku kadhaa, akawa anapika vizuri. Kumbe shemeji alikuwa amenipiga picha kisogo nikiwa nimeinama nafunga kamba za viatu, akaituma kwa WhatsApp kwa wale jamaa zake wa Istanbul. Wakajibu kabla sijamaliza kufunga kiatu cha pili. Vipandikizi 3,500, walisema, bila kuuliza vipele, umri wala presha. Hoteli ndani, gari la kunichukua uwanja wa ndege ndani, kofia pana bure.

Mke wangu akaichukua simu, akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka chini.

"Hapa wameandika chumba ni cha watu wawili," akasema.

"Ndiyo, dada," shemeji akajibu.

"Na kifungua kinywa?"

"Cha wawili."

Nikawauliza huyo wa pili ni wa nini, wakati mimi nitakuwa nimelazwa kutwa nzima natobolewa, na muuguzi wanao.

"Kwani nani kasema nitakaa hapo kukuangalia?" mke wangu akasema. "Wewe utakuwa umelala kifudifudi. Mimi nitakuwa Laleli."

"Halafu kilo zenu za mizigo," shemeji akadakia, "mtanipa mimi."